Data Zitapita kwa Adabu

Kwa furaha isiyopimika, na kwa uwezo uliokabidhiwa na vifungu vyote vinavyohusika, Mamlaka ya Mpishano wa Data, Ukanda wa Malindi na Kilifi, iliutangazia umma kwamba kuanzia Jumatatu data zote zitapita angani kwa adabu. Tangazo lilibandikwa kwenye milango ya ofisi, kwenye mashine ya kusaga unga pale Vitengeni, na kwenye ukuta wa zahanati ya Jilore, juu kabisa ya tangazo la chanjo. La chanjo lilikuwa na picha nzuri ya mtoto mnene, lakini halikuwa na muhuri, kwa hiyo lilifunikwa.

Aliyelitia sahihi ni Bwana Nahashon Randu, Kaimu Mkurugenzi. Neno hilo "kaimu" litazamwe kwa huruma. Kaimu hukalia kiti cha Mkurugenzi, husaini karatasi za Mkurugenzi, hulaumiwa makosa ya Mkurugenzi, lakini akifa hutangazwa kuwa ametutoka kaimu. Bwana Nahashon alikuwa amekaimu kwa muda mrefu kiasi kwamba mama mkwe wake, mkazi wa Mnarani, alikuwa akimwulizia kwa sauti ya chini, vile watu wanavyoulizia hali ya mgonjwa: "Bado hajathibitishwa?" Mkewe alikuwa akijibu kwamba bado, ila wanatumaini. Bwana Nahashon aliyasikia hayo kutoka chumba cha pili, na yalimuuma sana.

Sasa Halmashauri ya Mamlaka, yenye makao yake Kilifi, ilikuwa imekubali kumsikiliza. Jumatano ya mwisho wa mwezi angehojiwa, na siku hiyohiyo ingejulikana kama atathibitishwa au nafasi itatangazwa upya. Kulikuwa na kanuni mbili: simu za wajumbe zikae kikapuni nje ya mlango, naye asisafiri kwenda Kilifi. Atahojiwa akiwa ofisini kwake Malindi, kwa picha na sauti, kupitia mtandao anaousimamia yeye mwenyewe. Alipozisoma kanuni hizo alizisifu, akaona kwamba Halmashauri ina watu werevu.

Mtandao wenyewe haukuwa na siri. Juu ya paa la ofisi kulikuwa na mnara, na juu ya mnara kulikuwa na madishi. Moja lilitazama bara, upande wa Jilore, na kutoka huko habari ziliendelea hadi Vitengeni. Jingine lilitazama kusini, kwa mwenzake aliyesimama Mnarani, ng'ambo ya daraja la Kilifi. Madishi hayo yalizungumza kwa mawimbi ya redio ambayo hakuna aliyeyaona ila wote waliyatukana. Kila kitu kilichotaka kwenda Kilifi kilipita katika lile dishi la kusini: picha za wagonjwa wa Jilore zikipelekwa kwa daktari wa hospitali kuu, mnada wa mbuzi wa Vitengeni ukirushwa moja kwa moja kwa wanunuzi, harusi, mazishi, mpira, na barua za Kaimu Mkurugenzi.

Mambo yalianza pale fundi wa redio, Kabibi Ngumbao, alipoandika ripoti fupi. Kabibi alikuwa mwanamke mwenye mwili mkubwa na maneno machache, anayependa kwenda nyumbani mapema. Aliandika hivi: "Trafiki yote inapita foleni moja bila ubaguzi. Itifaki haijawekwa."

Bwana Nahashon aliisoma ameketi, akaisoma tena amesimama.

Alichomaanisha Kabibi ni kwamba redio hazijaambiwa data ipi itangulie na ipi isubiri njia ikijaa. Lakini Bwana Nahashon amekulia katika mikutano. Kwake yeye itifaki ni nani aketi wapi, nani atajwe kabla ya nani, na nani apewe maji ya chupa. Alishawahi kuona harambee ya kanisa ikivunjika kwa sababu msemaji alisahau kutamka kwamba itifaki imezingatiwa. Na sasa aliambiwa kwa maandishi kwamba juu ya kichwa chake, mchana na usiku, itifaki haikuzingatiwa hata kidogo.

"Kabibi," alisema baada ya kumwita, "unataka kuniambia kwamba barua yangu mimi hupanga foleni?"

"Naam, Mkubwa."

"Nyuma ya nani?"

Kabibi akatazama kioo cha kompyuta yake. "Saa hii, nyuma ya mbuzi."

"Mbuzi gani?"

"Wa Vitengeni. Leo ni siku ya mnada. Ni beberu, ana madoadoa."

"Na huyo beberu anajua kwamba nyuma yake amesimama Mkurugenzi?"

"Kaimu," akasema Kabibi, si kwa ubaya, ila kwa ajili ya usahihi.

Kabla ya saa sita mchana kulikuwa kumeundwa Kamati ya Itifaki ya Data, na kabla ya saa saba kamati ilikuwa imeshakula mahamri. Walioketi ni wakuu wa vitengo, pamoja na askari mmoja wa barabarani mwenye kofia nyeupe, ambaye alialikwa kwa sababu mwaliko ulitaja trafiki. Ilipogunduliwa kwamba si trafiki hiyo, ilionekana ni kumvunjia heshima kumrudisha, naye akatoa mchango mkubwa. Aliuliza kama data hukaguliwa breki. Akauliza pia ni kwa nini mnara mrefu namna ile hauna mahali pa kuegesha. Yote yaliandikwa katika kumbukumbu za kikao.

Jambo la kwanza lilikuwa kasi. Kabibi aliwaeleza kwamba kila kundi la data linaweza kuwekewa kiwango cha kasi, lipite kwa wingi au kwa uchache.

"Mimi niwekewe cha chini," akasema Bwana Nahashon.

Kabibi akainua macho. "Cha chini?"

"Bi Kabibi, umewahi kumwona mtu mzima wa cheo anakimbia? Anayekimbia ni mwizi, au mtoto aliyetumwa chumvi. Mimi data yangu itembee. Hao wengine, wenye haraka zao, wakimbie wakitaka."

Kamati ilipiga makofi. Bi Dena, mkuu wa utumishi, alipendekeza kwamba kasi ya Mkurugenzi iitwe rasmi "mwendo wa heshima", na pendekezo likapita bila kupingwa.

Jambo la pili lilikuwa namba. Redio hizi, Kabibi aliendelea, zina ngazi nane za kutangulia, kuanzia sifuri hadi saba. Sifuri ilileta mzozo mkali. Bi Dena alisimama akasema hakuna mtumishi wa umma anayeweza kuitwa sifuri kwa maandishi, kwa mdomo ni jambo lingine. Ikaamuliwa kwamba sifuri iachwe tupu. Wananchi wote kwa jumla, pamoja na zahanati zao, mbuzi wao na mipira yao, wakapewa saba, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa chini kabisa ya karatasi. Katikati wakapangwa wakuu wa vitengo, na kila mmoja alitoka na namba iliyomtosha, isipokuwa wawili wanaonuniana hadi leo.

"Na namba moja," akasema Bwana Nahashon kwa sauti ya upole, kwa sababu mambo makubwa husemwa kwa upole, "ni mimi."

Kabibi alimaliza kwanza kutafuna hamri lake. "Mkubwa, nikwambie mapema usije ukanilaumu. Kwenye redio hizi saba ndiye apitaye kwanza. Namba moja hupita mwisho, wakishapita wote."

Mtu mmoja akaweka kikombe chini. Kisha uso wa Bwana Nahashon ukaanza kuchanua taratibu.

"Mwisho kabisa?"

"Mwisho kabisa."

"Wengine wote wakiwa wameshafika?"

"Wakiwa wameshafika."

"Wameshaketi?"

"Ukipenda kusema hivyo, sawa."

Bwana Nahashon aliigeukia kamati. "Wenzangu, aliyetengeneza redio hizi ni mtu aliyelelewa. Hebu niambieni, mmewahi kuona mgeni rasmi akafika kabla ya viti? Kwanza hufika watoto wa shule, wakapigwa jua. Wakaja kina mama na vigelegele vyao. Wakaja wazee, wakaja machifu. Watu wakaimba wakachoka. Mgeni rasmi ndiye wa mwisho kuingia, nao wote husimama! Hiyo ndiyo itifaki. Na kumbe redio yaijua kuliko sisi."

Askari wa barabarani alithibitisha. Alisema yeye mwenyewe, kwa miaka mingi, kazi yake imekuwa kuwasimamisha wote walio na haraka ili apite aliyechelewa.

Kabibi alikuwa na swali moja tu. "Na hao saba wasipoisha?"

"Wasiishe vipi?"

"Watu hawaishi, Mkubwa. Huyu akimaliza, yule aanza."

"Wataisha," akasema Bwana Nahashon. "Wakiona mgeni rasmi yuaja, wataisha."

Basi Kabibi akaenda kwenye kompyuta yake akafanya kama alivyoagizwa, kila namba mahali pake na kila kasi kiwango chake, akaenda nyumbani mapema. Alipanga upande wa Malindi peke yake, yaani data zinazoondoka. Upande wa Mnarani, unaoleta data zinazorudi, ulibaki kama ulivyokuwa, kwa sababu gari la ofisi lilikuwa limempeleka Bi Dena matangani Ganze na halikujulikana litarudi lini.

Wiki ya kwanza ilikwenda vizuri mno. Barua ya Bwana Nahashon iliyoondoka Jumatatu ilifika Kilifi Alhamisi. Katibu wa huko alipompigia simu kulalamika, Bwana Nahashon hakuudhika. Aliuliza tu: "Ilipofika, mlikuwa mmeketi?" Katibu akajibu kwamba ndiyo, walikuwa wameketi. "Basi," akasema Bwana Nahashon, akakata simu akiwa ameridhika.

Jumatano ya mahojiano ikafika. Bwana Nahashon alivaa suti ya samawati aliyovaa siku ya harusi yake, ambayo sasa ilimbana kidogo tumboni, akajipaka mafuta mazuri, akaagiza kiti kirefu kuliko cha kila siku. Ndani ya mtoto wa meza alikuwa tayari na kibao kipya cha mlango, kilichoandikwa MKURUGENZI bila neno jingine mbele yake. Alikitoa akakitazama, akakirudisha.

Kabibi alikuwa akinyoosha waya za kamera. "Mkubwa, leo nikupandishe? Kwa muda huu mdogo tu. Nikuweke saba, kisha nikurudishe."

"Leo?" Bwana Nahashon alishtuka kana kwamba ameambiwa avue viatu. "Leo ndiyo siku ya kuingia kwa heshima kuliko siku zote. Niache namba moja."

Saa tatu kamili Halmashauri ikatokea katika kioo, safi kabisa, kwa sababu upande wa kurudi haukuwa umeguswa. Aliyeketi katikati ni Mwenyekiti, Bi Sheikha Abubakr, mzaliwa wa Shela ya Malindi, mwenye buibui lililopigwa pasi vizuri na macho yasiyopitwa na kitu. Kuliani kwake aliketi Mzee Habib, mfanyabiashara wa miaka mingi, mtu wa kutaka mambo yaishe. Kushotoni aliketi mjumbe wa tatu, ambaye alikuwa amelala kwa utaratibu.

"Asalaam aleikum, Bwana Nahashon," akasema Bi Sheikha. "Twakuona. Karibu, tuzungumzie kazi yako."

Bwana Nahashon alivuta pumzi. "Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa wajumbe wa Halmashauri, mabibi na mabwana, itifaki ikiwa imezingatiwa..."

Akaendelea hivyo kwa muda, na haikuwa hotuba mbaya. Bahati mbaya ni kwamba ilikuwa bado iko Malindi. Kilichofika Kilifi ni picha moja tu, ile iliyopita kabla foleni haijajaa: Kaimu Mkurugenzi mdomo wazi, jicho moja limefumbwa, pua imeinuka.

"Mbona hajibu?" akauliza Mzee Habib.

"Yuafikiri," akasema Bi Sheikha.

"Kwa jicho moja?"

Bwana Nahashon aliyasikia yote. Alipandisha sauti. Alisimama, akaketi, akapunga mkono. Picha ya Kilifi haikutikisika hata unywele.

"Kabibi! Hawanisikii!"

Kabibi alikuwa upande wa pili wa chumba, anakitazama kioo chake kwa utulivu. "Salamu zako zimefika kwenye foleni, Mkubwa. Mbele yako kuna mnada wa Vitengeni, kuna mazishi ya Ganze yanarushwa moja kwa moja, kuna vijana wa mpira, na kuna picha za zahanati."

"Waambie wanipishe!"

"Wapishe vipi? Wewe ndiwe mgeni rasmi. Ngoja waishe."

Alijaribu simu. Simu za Halmashauri zilikuwa kikapuni nje ya mlango, kwa kanuni aliyoisifu yeye mwenyewe. Wakati huo Mzee Habib alikuwa ameanza kuvua miwani yake, ishara kwamba amefika mwisho wa subira.

"Bi Mwenyekiti, mimi naona mtandao umekufa. Mtu asiyeweza kupitisha sauti yake mwenyewe kwenye mtambo wake mwenyewe, tumthibitishe ya nini? Tuitangaze nafasi upya, twende zetu tukanywe chai."

Bwana Nahashon aliogopa, na si kuogopa kwa mkubwa anayeogopa kukosea, bali kuogopa kwa mtu. Aliiona nyumba yake, akamwona mama mkwe akishusha sauti, akakiona kile kibao ndani ya meza kikikaa humo mpaka kipate kutu. Akamgeukia Kabibi.

"Niweke saba! Sasa hivi!"

"Heshima je?"

"Kabibi, mwanangu, nakuomba. Saba!"

Kabibi akavuta kiti, akaanza kutafuta ukurasa wa redio. Ukurasa ukataka neno la siri. Neno la siri lilikuwa refu, kwa sababu kamati iliamua liwe na majina ya wajumbe wote kwa kufuata vyeo.

Kule Kilifi, Bi Sheikha aliinua kidole. "Tusiwe na pupa. Tuupime mtandao kwanza. Hebu tuwaite Vitengeni."

Mhudumu akabonyeza, na mara Vitengeni ikajaa kioo kizima, vumbi lake, kelele zake na mbuzi wake, wazi hata unaweza kuzihesabu ndevu. Mzee Habib alivaa tena miwani.

"Huyo mweusi nyuma. Mgeuze."

Mbuzi akageuzwa.

"Mfungue mdomo, niyaone meno."

Meno yakaonekana, yote, hadi Kilifi. Mzee Habib akataja bei, Vitengeni wakamcheka, akaongeza kidogo, wakakubaliana, na kazi za Halmashauri zikaendelea. "Basi mtandao huu ni mzima," akatangaza kwa sauti ya mtu aliyepata mbuzi mzuri. "Ubovu uko kwa huyo bwana."

"Na Jilore?" akasema Bi Sheikha.

Akatokea muuguzi, mwanamke mwembamba mwenye sweta lililovaliwa juu ya sare. Nyuma yake palikuwa na benchi, na juu ya benchi mama mmoja amempakata mtoto.

"Shikamoo, mama. Ni muuguzi Sidi hapa, wa zahanati ya Jilore."

"Marahaba, mwanangu. Mwaendeleaje huko? Mtandao wawafaa?"

"Mama, nikwambie nini mimi." Sidi alimwonyesha yule mtoto aliyekuwa nyuma. "Huyu kaletwa alfajiri, kajimwagia uji wa moto. Nimepiga picha, nimetuma kwa daktari huko Kilifi. Kabla sijaosha mikono, daktari kashanijibu nifanye nini, nimpake dawa gani. Tazama, sasa amenyamaza, yuala ndizi. Zamani picha yaondoka asubuhi, yafika jioni. Mimi na mama wa mtoto tumeketi hapa twatazamana tu, mtoto alia, na mimi sina la kusema."

Mjumbe wa tatu alikuwa ameamka.

"Nani aliyewatanguliza?" akauliza Bi Sheikha.

"Mkurugenzi, mama! Imeandikwa hapa ukutani, ina muhuri. Sisi wanyonge ni namba saba, twapita kwanza na twakimbia tutakavyo. Yeye na wakubwa wenzake wapita nyuma yetu. Yeye mwenyewe kajiweka mwisho kabisa, na kajipunguzia na mwendo. Nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani muhuri ni wa bandia. Mulungu ambariki mtu huyo."

Bi Sheikha alimshukuru, akaagana naye. Kisha akageuka akaitazama ile picha ya Kaimu Mkurugenzi: mdomo wazi, jicho moja limefumbwa. Aliitazama kwa muda. Pembe moja ya midomo yake ilisogea kidogo, ikarudi mahali pake.

"Bwana Habib," akasema, "umeyasikia. Mimi nimezaliwa Malindi, na wakubwa nimewaona wa kila rangi. Wote hupita mbele. Akienda msikitini, mbele. Harusini, mbele. Maji yakikatika, lori la maji laanzia kwake. Leo namwona wa kwanza aliyejiweka nyuma ya mgonjwa, kwa maandishi na kwa muhuri. Na hata leo, siku ya haja yake mwenyewe, hakujipandisha. Kakaa pale kimya, mdomo wazi, awapishe wagonjwa na mbuzi."

Mzee Habib alikumbuka ni nani aliyempisha mbuzi wake, akaguswa. "Subhanallah," alisema. "Athibitishwe."

Mjumbe wa tatu naye akasema athibitishwe, na hilo ndilo neno pekee lililoandikwa kwa jina lake mwaka huo.

Ofisini Malindi, Bwana Nahashon alikuwa amefunga macho kwa furaha. Kisha akayafungua kwa hofu.

"Kabibi! Umefika wapi?"

"Nimemaliza. Nimebakisha kubonyeza tu, utatokea namba saba, safi kabisa, wote wakuone."

"Acha!"

"Mkubwa?"

"Ondoa mkono! Usibonyeze! Wakiniona nimepita mbele ya Jilore, nimekwisha!"

Aliruka juu ya meza. Waya wa masikioni ulimvuta, kiti kirefu kikaanguka, suti ya samawati ikapasuka mahali palipokuwa pakingoja siku nyingi, naye akaufikia mkono wa Kabibi na kuushika kwa mikono yake miwili. Hakuna hata kimoja cha vituko hivyo kilichoonekana Kilifi. Huko alikuwa bado anatafakari, kwa jicho moja.

"Athibitishwe," Bi Sheikha alikuwa akisema, "kwa sharti."

Bwana Nahashon, akiwa amelala kifudifudi juu ya meza, alitega sikio.

"Namba yake isibadilishwe maadamu yuko kitini. Siku data yake itakapoitangulia ya zahanati, basi ajue ametoka kazini. La pili, naambiwa upande wa Mnarani bado haujapangwa. Mtu wa heshima kama huyu hafai kuheshimiwa kwenda, asiheshimiwe kurudi. Ukapangwe leo hii, kwa gari langu. La tatu, neno lolote la Halmashauri kwake lipite katika mtandao wake, si kwa simu, si kwa mtu, si kwa karatasi ya mkononi. Tusije tukamvunjia itifaki."

Alisema hayo akiitazama kamera sawasawa. Uso wake ulikuwa mkavu, na kwa wanaowajua wanawake wa Shela, hicho kilikuwa kicheko kirefu.

"Barua yake ya kuthibitishwa iandikwe sasa hivi, na itumwe. Itakapomfikia, ndipo awe Mkurugenzi."

Barua iliandikwa. Ilitiwa sahihi tatu na muhuri mkubwa. Gari la Mwenyekiti likaenda Mnarani na mafundi, na adhuhuri ilipoadhiniwa upande huo nao ulikuwa umepangwa barabara: wananchi saba, Kaimu Mkurugenzi moja, mwendo wa heshima. Ndipo barua ikatumwa, kama ilivyoagizwa, nayo ikaingia katika foleni nyuma ya watu wote wa Malindi, Jilore na Vitengeni.

Iko huko mpaka sasa. Mama mkwe ameambiwa kwamba mambo yamekamilika, bado kufika tu, naye amezidi kushusha sauti. Kila asubuhi Bwana Nahashon hupita kwenye chumba cha Kabibi kabla ya kuingia ofisini kwake, husalimia, kisha huuliza kama mtu asiye na haja kubwa.

"Imeingia?"

"Bado, Mkubwa. Iko Mnarani."

"Mbele yake kuna nani?"

Kabibi hutazama kioo. Juzi alikitazama kwa muda kuliko kawaida.

"Ni majibu ya daktari yaenda Jilore, Mkubwa. Kuna mtoto ana degedege."

Bwana Nahashon alisimama mlangoni, mkono juu ya kitasa. Kulikuwa na mengi ambayo angependa kusema, na kwa mujibu wa sharti la Halmashauri lilikuwa limebaki moja tu.

"Apite," akasema.